Bosi Hali Kabla ya Amina

Mbotela, Nairobi

Mama yangu mpenzi,

Goti linasemaje? Na yule mbuzi mwenye mimba, ameshazaa? Mimi ni mzima, ila vumbi la mbao la karakana yetu ya Gikomba bado linanikohoza. Nakuandikia kwa sababu simu huisikii, unaishia kuniuliza "Nani?" mpaka inakatika. Dada Mwikali atakusomea polepole.

Najua umenikasirikia. Krismasi mbili hujaniona, na ulimwambia Mwikali ati siku hizi mbwa ndiye mama yangu. Iliniuma, Mama, ingawa pia nilicheka. Lakini Bosi ningemwachia nani? Fundi mwenzangu anakaa mtaa wa Tena, ghorofani, na mwenye nyumba wake hataki hata paka. Nikimwacha Bosi ajitafutie hapa mtaani, nikirudi simpati.

Mwaka huu nikajikaza, nikamwomba Mama Shiro, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Ni mjane, mtu wa Murang'a, anauza nguo za mitumba. Tangu amzike mumewe amekuwa mtu wa maneno machache. Akina mama wa kanisa wakimtembelea anawapikia chai vizuri, lakini wakianza kuomba anatoka nje kuanua nguo, hata kama hazijakauka. Aliniangalia, akasema, "Lete huyo mbwa. Mama ni mama."

Tukakubaliana tujaribu kwanza. Nikamwachia Bosi, nikaenda kulala kwa yule fundi mwenzangu wa Tena. Asubuhi simu ikalia.

"Mutua, kuja haraka! Mbwa wako atanifia mikononi. Tangu jana hali. Nimempikia ugali na matumbo. Matumbo, Mutua! Na ananiangalia tu kama mkwe."

Nilikimbia. Nikamkuta Bosi ameketi mbele ya sufuria, mate yanamdondoka, macho yote usoni kwa Mama Shiro. Woi, Mama, nilijishika kichwa! Kumbe sikuwa nimemwambia.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitugonga vidole kwa mwiko tukigusa chakula kabla ya Amina? Hata nikila peke yangu lazima niombe, na Bosi amekua akiona hivyo. Amina kwanza, mdomo baadaye. Basi nikavua kofia, nikasema, "Bwana, bariki chakula hiki, Amina." Kufumbua macho, matumbo hakuna.

Mama Shiro hakucheka. "Kwa hivyo mimi nitakuwa naomba?"

"Ni neno moja tu, Mama Shiro."

"Hilo neno nililiacha makaburini, na wewe unajua."

Nilijua. Niliona haya, nikaona na safari imekufa. Nikamwambia basi, yaishe, nitamwandikia mama kwamba hata Krismasi hii siji.

Mama Shiro akachota matumbo mengine, akaweka chini. "Kula!" Bosi kimya. "Si ukule, wewe!" Bosi akainuka, akamlamba mkono, akarudi akaketi pale pale. Mama Shiro akavuta stuli, akakaa. Alikaa sana, mimi nimesimama mlangoni sijui niende au nibaki. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mungu, mbwa wa watu ana njaa. Amina."

Bosi akaangukia sufuria. Mama Shiro akajifunika uso kwa leso, akalia, na mimi pia nililia, sikufichi.

Tangu siku hiyo anamlisha yeye, ili wazoeane. Jana nikitoka kazini nilikuta mlango wake wazi. Chakula kiko chini, kinatoa mvuke. Yeye amefumba macho, namsikia akimtaja mumewe, akaja kwa binti yake Shiro, akarudi tena kwa mumewe. Bosi akanigeuzia macho ya kuomba msaada. Nikajiwekea kidole mdomoni kumwashiria atulie, nikapita polepole.

Kwa hivyo nakuja, Mama. Anza kutafuta mahindi ya kukoboa, unipikie muthokoi. Nisalimie Mwikali na watoto wake, na mjomba mchongaji, umwambie patasi aliyoniagiza nimeipata. Msalimie pia yule nyanya jirani anayekuchotea maji goti likikusumbua.

Mama Shiro naye anakusalimu sana. Anasema nikae huko nyumbani nishibe, nisiharakishe kurudi. Yeye na Bosi bado hawajafika Amina.

Mimi mwanao, ambaye bado anaogopa mwiko wako,

Mutua