Fanksheni Yangu Imo Kwenye Maktaba ya C

Miyuji, Alhamisi jioni

Wameikubali. Barua pepe yao nimeisoma mara tatu ofisini na bado siamini.

Mwaka mzima mfumo endeshi wa bure ninaoutumia kwenye kompyuta ulinikera kwa jambo moja. Maktaba yake ya lugha ya C, yaani hazina ya vipande vya msimbo ambavyo programu huviazima, haikuwa na ile fanksheni ndogo inayopokea njia ndefu ya faili, yaani anwani yake kamili ndani ya kompyuta, na kurudisha jina la mwisho tu, ingawa viwango vya kimataifa vinaitaka iwepo. Kila programu niliyoileta kutoka mfumo mwingine ilikwama hapohapo. Nikaiandika mwenyewe, nikawatumia wasimamizi wake. Wakairudisha mara mbili wakiuliza: njia ikiwa tupu je? Ikiwa ni mikwaju mitupu, zile alama za / zinazotenganisha majina, je? Nikarekebisha.

Sasa itakuwemo katika toleo lijalo. Kila atakayeuweka mfumo huu, popote duniani, atakuwa na mistari yangu, hata asijue.

Nikapita Mkonze kumwambia mama. Nilimkuta akipepeta uwele.

"Inafanya nini hasa?"

"Inatoa jina la faili, mama. Basi."

"Na wataitumia wangapi?"

"Sijui. Wengi mno."

Akauweka ungo chini. "Basi ukikosea, mwanangu, umewakosea wote hao."

Nimefika nyumbani, nimeisoma tena kwenye karatasi niliyoichapa, mstari kwa mstari. Kosa sijaliona. Nimekaa tu naitazama, nikimuwaza mtu nisiyemjua, wa mbali huko, anaiuliza mashine yake swali, na anayemjibu ni mimi.