Uso Niliouona Kwenye Moshi

Kaka yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi sokoni Garsen, kwenye kurasa tupu za mwisho wa kitabu chako cha tatu, kwa sababu sikuja na karatasi nyingine. Mke wako aliniletea vitabu vyako, nakala zako mwenyewe, baada ya mazishi yako. Ulipokuwa hai ulinitumia kila kimoja, nami nikavirundika juu ya kabati, nikisema siwezi kusoma mambo ya ubongo yaliyoandikwa na mtu aliyeukimbia msiba wa baba yake. Ulinijua, nina kichwa kigumu.

Unalikumbuka lile shamba. Mafuriko yalipopungua mto ulikuwa umehama, na baba akapanda mahindi kwenye malka, njia ambayo ng'ombe wa Waorma hushukia kunywa maji. Godana, rafiki yake Mworma wa miaka mingi, aliyekuwa akituletea maziwa na kuondoka na ndizi, alisimama pale akatikisa kichwa. "Mzee, hapa ng'ombe atapita tu." Baba akamjibu, "Mto umehama, Godana. Na njia nayo imehama." Wakacheka wote wawili. Mahindi yalipofika magotini ng'ombe wakapita, vijana wetu wakawakata sita miguu kwa mapanga, na baada ya hapo hakuna aliyecheka.

Waorma walikuja alfajiri. Kilichoniamsha ni paa la jirani likiwaka. Baba alitoka na panga, akachomwa mkuki wa tumbo kabla hajafika uani, kisha akakatwa shingoni mara mbili. Mara ya pili panga lilikwama, na yule mtu akamkanyaga baba kifuani ili alichomoe. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala. Moshi ulikuwa mzito. Nilimwona muuaji kwa muda wa kupumua mara mbili, akageuka, na uso ulikuwa wa Godana. Niliuona, kaka, hadi kovu lake la juu ya jicho.

Siku ya tatu Godana akaja matangani. Alikuja peke yake, bila hata fimbo, na dumu la maziwa mkononi. "Mimi nakuja kulia rafiki yangu," alisema. Wanaume wote wakageuka kunitazama, maana mimi ndiye niliyeona. Nikanyoosha mkono, nikasema, "Ndiye."

Ulikuwa umesimama hatua tano kutoka kwangu. Pigo la kwanza lilikata mkono aliouinua kujikinga, la pili likampasua taya. Alianguka juu ya maziwa yake mwenyewe na bado wakaendelea, hata waliochelewa wakapenya wapate nafasi ya kupiga. Alimwita baba kwa jina, mara mbili, kana kwamba baba angetoka ndani awaambie waache. Nami nilifurahi, sitakuficha. Nilitaka achelewe kufa.

Jioni ile uliniuliza jambo moja tu: "Uliuona uso wake, au uliona mtu ukampa uso?" Nilikutemea mate. Wiki iliyofuata ukarudi chuoni, na baadaye ukawa daktari wa ubongo.

Mwezi huu ndipo nimekisoma kitabu hiki cha tatu, kwa kamusi na kwa hasira. Unaeleza kwamba macho hayaoni kila kitu, ubongo hupokea vipande na kuziba mapengo kwa vitu ulivyonavyo tayari. Kisha unaingia kwenye falsafa yako, unauliza kama mtu aliyedanganywa na akili yake mwenyewe ana hatia. Halafu unasimulia habari za msichana wa kando ya mto aliyeijua sura ya Mworma mmoja tu, na ndani ya moshi ubongo wake ukamletea sura hiyo. Ni kweli, wale wengine wote kwangu walikuwa shuka na mikuki. Godana alikufa kwa sababu ndiye pekee tuliyemjua.

Nikafungua ukurasa unaofuata. "Kaka yake alikuwa amelala migombani. Muuaji alimpita karibu, alikuwa na ndevu, na hakuwa yule. Kaka alinyamaza, akiwaogopa vijana wa kwao." Basi, ukahamia kwenye mada nyingine. Umejaza kitabu kizima kwa ubongo wangu, na mdomo wako umeupa mistari miwili. Neno moja lako siku ile lingetosha. Nakupenda, na ungekuwa hai leo ningekuzaba kofi.

Habiba, binti wa Godana, anauza maziwa hapa sokoni. Miaka yote nimekuwa nikizungukia upande wa pili ili nisipite mbele yake. Leo asubuhi nimesimama mbele yake, nikamtafsiria kurasa hizo mbili. Alisikiliza huku akimpimia mteja.

"Baba asubuhi hiyo alikuwa Minjila, ng'ombe anazaa," alisema. "Sisi tunajua. Hakuna mtu alituuliza." Akafunika dumu lake. "Huyo dada ya kitabu, bado iko hai?"

Kaka, hapo ndipo nilipokuelewa. Akili yangu ilinipa sababu kumi za kunyamaza, na zote zilikuwa nzuri. Niambie kama ni hizo hizo zilizokujia wewe siku ile.

"Ni mimi," nikasema.

Hakunitukana. Alinitazama mpaka mteja akajiondokea, akatoa simu, akaongea kwa lugha yao. Kisha akaniambia, "Kaa hapo. Mama anakuja."

Nimekaa. Sijui mama yake anakuja na nani, wala amebeba nini. Muuza nyanya hapa jirani amenisihi mara mbili niondoke. Naogopa sana.

Bodaboda imesimama. Mwanamke mzee anashuka, Habiba amemwonyesha kwa kidole benchi nililokalia. Nafunga kitabu chako sasa, nimtazame usoni vizuri kabla sijafungua mdomo.

Pumzika, kaka, kama unaweza.

Ni mimi mdogo wako,
niliyenyoosha mkono