Kwa Wifi Tilda, Kuhusu Risasi za Orvin

Dillon, Montana
9 Novemba 1994

Mpendwa Wifi Tilda,

U hali gani huko Florida, na goti lako je? Sisi wazima, ila theluji imetuwahi mwaka huu. Kuku wamegoma kutaga, nami nimenenepa. Usicheke.

Uliniuliza kwa simu mbona kaka yako amekuwa mnyonge. Sasa naweza kukueleza. Msimu wa kuwinda uliopita alimpiga kulungu dume begani, risasi ikapasukia kwenye mfupa, mnyama akakimbia. Tulifuata damu mpaka giza likatuzuia. Asubuhi tukamkuta amekufa, mbweha wameshamla nusu. Orvin akaitundika bunduki, hakuigusa tena.

Septemba hii nikaingia banda analojazia risasi zake mwenyewe, nikakagua vile vichwa vya risasi alivyotumia. Wifi, vilikuwa vyepesi, ngozi yake ya shaba nyembamba kama ya nyanya!

"Lakini vinalenga vizuri," akajitetea.

"Shabaha ya karatasi haina mfupa, mume wangu."

Akanuna mpaka chakula cha jioni. Kisha akasema, "Haya, fundi, chagua wewe."

Nikachagua vizito, vyenye ngozi nene. Bunduki ikavikataa, vikatawanyika kwenye shabaha kama mbegu zilizomwagika. Nikashuka uzito kidogo, ngozi nene ileile, tukapima baruti upya kwa kufuata kitabu. Hivyo vikatua pamoja, na tulipovipiga kwenye magazeti yaliyolowa, badala ya nyama, vilipanuka bila kuvunjika.

Wiki iliyopita nikamvuta mlimani. Dume akatokea uwandani, ametulia. Orvin akanisogezea bunduki.

"Piga wewe, Lorna," akaninong'oneza.

"Bunduki ni yako. Kama hutaki, turudi tukanywe kahawa."

Akavuta pumzi, akafyatua. Dume alipiga hatua chache tu, akaanguka. Kaka yako akapiga magoti, akamshika shingo, akasema, "Wewe hukuteseka." Akalia, Wifi. Nikageuza uso nimwache alie.

Tangu hapo anapiga mluzi nyumba nzima, tena vibaya kweli! Sasa hivi yuko jikoni anakata nyama, anapaza sauti: "Mwambie Dada nyama hii haisafiri, aje aile hapahapa!"

Nisalimie shemeji Walt, na umbusu binti yenu Ingrid kwa niaba yangu. Mungu awatunze kama mboni ya jicho lake, atukutanishe wote tukiwa wazima.

Wifi yako akupendaye,
Lorna