Niandikie Tarehe, Mama

Swideni,
7 Machi 1976

Kwa Mama mkwe wangu mpendwa, Bi Hamisa,

Assalaam aleikum, na shikamoo nyingi, Mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mguu wa kushoto unaokusumbua kila mvua zikikaribia umepata nafuu. Mimi Mashavu wako, mwili wangu hauna ugonjwa. Nakula, ingawa chakula chao hakina ladha, nalala, na kufuma nimeshajua kiasi cha kuweza kumfundisha mtu mwingine. Mwanangu Mwaija mpe pole ya vibarango vya kichwani. Mwambie mama yake anamfumia sweta jekundu, ingawa sijui atalivaa lini huko Kwaluguru.

Na wewe shemeji Rehani unayemsomea Mama barua hii, salamu zako ni za peke yako. Soma polepole. Soma kama nilivyoandika, usiongeze wala usiruke, maana nakufahamu.

Salamu za mume wangu Mhina nimezipata katika barua zenu zote tatu. Mmeniandikia kwamba hajapata nguvu tangu alipolazwa Korogwe mwezi wa Novemba, kwamba anakunywa uji, na kwamba anasema nisiwe na wasiwasi, nisome. Barua hizo nimezisoma mpaka mikunjo yake imeanza kuchanika. Kuhusu Mhina nina jambo la kusema na jambo la kuuliza, na hasa ndiyo sababu ya kuandika leo, lakini nitalifikia kwa njia yake. Siku ile niliyoondoka alibeba sanduku langu la bati kwenye baiskeli mpaka Mkata, na tulipokuwa tukisubiri basi aliniambia nikirudi nimsimulie mambo ya huku kwa mpangilio, nisianzie mwisho kama kawaida yangu. Kwa hiyo naanzia mwanzo.

Mwanzo wake ni ile sinema ya gari ya serikali, mwaka tuliohamishiwa kijijini, wakati nyumba nyingine bado zilikuwa fito tupu. Utakumbuka walionyesha kilimo cha mistari, halafu wakaonyesha nchi za baridi, watu wakipita juu ya ardhi nyeupe wakiwa wamefunga mbao miguuni. Mhina alisema huo ni ujanja wa mpiga picha, hakuna mtu mwenye akili atakayefunga ubao mguuni ili aende haraka. Rehani akasema ni kweli, Mhina akamwambia anaamini kila kitu chenye taa. Walibishana mpaka wakati wa palizi. Nilipochaguliwa kuja kusomea ufumaji, Mhina alisema sasa tumepata shahidi. Na katika kila barua yake, chini kabisa, kwa ule mwandiko wake wa darasa la nne unaoinama kama mtama uliopigwa na upepo, aliniuliza swali moja: Je, umeziona zile mbao?

Nilikuwa nimeziona tangu theluji ya kwanza, Mama, lakini nilikuwa sijazivaa. Kusema kweli nilikuwa sitoki. Kuanzia Desemba huku jua linachungulia na kuondoka, na mimi nilitoka chumbani kwenda darasani, darasani kwenda chumbani, kama kuku aliyefunikwa tenga. Anaona mwanga kwenye matundu, lakini kutoka hawezi. Nilikwenda ofisini mwezi wa Februari kuuliza kama mtu anaweza kurudi nyumbani kabla ya masomo kwisha. Walinijibu kwa upole kwamba tiketi yangu ni ya mwezi wa Juni. Nikasema asante, nikarudi chumbani.

Mwishoni mwa mwezi huo huo vyuo vilifungwa wiki moja, likizo ya majira ya baridi. Mwalimu wetu wa kufuma, mama mmoja wa miaka kama sitini anayeitwa Gunvor, alitualika mimi na Yuditha kwenye nyumba yake ya mbao iliyoko msituni. Yuditha ndiye Mtanzania mwenzangu hapa, Msambaa wa Dindira, tunalala chumba kimoja. Njia nzima alijigamba kwamba baridi hii kwake si kitu, kwao mtu huchuma chai huku vidole vimekufa ganzi, na akanicheka kwamba Wazigua tumezoea kukaushwa juani kama makopa. Tulipofika, theluji ilianguka siku mbili mfululizo. Asubuhi ya pili mlango haukufunguka. Gunvor alitoka kupitia dirishani akiwa na sepetu, na sisi tukakaa ndani tukisikia anachimba kama mtu anayetutoa kaburini. Yuditha hakutaja tena habari za Dindira.

Siku ya tatu jua lilitoka, na Gunvor akaleta mbao.

Sasa shemeji, sikiliza vizuri, maana hapa umeshinda. Mbao zenyewe ni nyembamba, hazizidi upana wa kiganja, na ndefu kuliko mimi, ncha zake zimepinda juu. Chini hupakwa nta. Kiatu hubanwa sehemu ya vidole tu, kisigino kiko huru, na mikononi unashika fimbo mbili. Waliotangulia wamechora mifereji miwili kwenye theluji, kama njia ya magurudumu ya trekta wakati wa masika. Mbao zako zikishaingia humo huendi kulia wala kushoto. Unakwenda inakokwenda mifereji.

Gunvor aliniazima koti lake jekundu. Mwanzoni nilitembea tu, nikiburuta miguu kama mgonjwa, na theluji ikanigandia chini kama udongo wa mbugani. Akakwangua, akapaka nta nyingine. Halafu, Mama, kitu kikatokea. Nilisukuma mguu mmoja, na ule mguu ukaenda. Ukaenda wenyewe, mbele, pasipo mimi kufanya lolote, miti ikipita pembeni. Nikacheka kwa sauti. Tangu Novemba nilikuwa sijajisikia nikicheka. Nikumbushe habari ya kicheko hicho, nitairudia.

Niliwaambia watangulie, mimi nitafuata taratibu. Nilitaka kuwa peke yangu. Msitu ulikuwa kimya, na mimi nilikuwa nikipanga moyoni maneno ya kumsimulia Mhina, nitakavyoanza, nitakavyoeleza kiatu, nitakavyoeleza fimbo, wapi nitamwacha asubiri kidogo. Nikafika mahali panapoteremka. Hakuna aliyenionyesha jinsi ya kusimama. Mifereji ilipinda, mimi sikupinda.

Niliangukia nje ya njia, chini ya msonobari, ambako theluji haijakanyagwa. Nikazama mpaka kiunoni. Mbao zilipishana, moja juu ya nyingine, na miguu yangu imefungwa humo. Fimbo moja sikuiona kabisa. Nilipotia mkono chini ili niinuke, mkono ulizama mpaka begani. Hakuna chini, Mama. Unasukuma na hupati pa kusukumia. Kadiri nilivyohangaika ndivyo nilivyozidi kuzama. Niliita jina la Gunvor, nikaita la Yuditha, na sauti haikufika popote. Jua lilikuwa limeshaegemea miti. Nilikaa hivyo labda saa nzima, nimenaswa, na ndani ya mfuko wa gauni langu, chini ya lile koti, kulikuwa na ile picha mliyonitumia.

Shemeji Rehani, hapa simama kidogo. Kama Mwaija yupo karibu, mtume akaazime ungo kwa jirani. Akishaondoka, kaa karibu na Mama, ndipo uendelee.

Mama, Mhina amefariki. Naandika mimi ili wewe usilazimike kuniandikia.

Nimejua tangu mwishoni mwa Januari, picha ilipofika. Mlikwenda kupiga picha Korogwe ili nitulie, na mkaandika kwamba Mhina hayumo kwa kuwa alikuwa amelala. Mwaija amenyolewa, mkasema ni vibarango. Nikamtazama Rehani. Amevaa kofia, lakini juu ya masikio hakuna nywele. Nikakutazama wewe. Khanga yako imeteleza upande mmoja, na pale kwenye paji, ambapo huchungulia zile mvi nilizokuwa nikikusuka kila Ijumaa, pako wazi. Vibarango haviwapati watu watatu siku moja, na mmoja wao bibi mzima. Kwetu nyumba nzima hunyoa pamoja kwa sababu moja tu.

Na kabla ya picha nilikuwa nimeshaanza kuogopa. Katika barua zote tatu hapakuwa na mtu aliyeniuliza habari za mbao.

Sikulia. Niliirudisha picha kwenye bahasha nikaenda darasani. Nilijiambia, hakuna aliyeniambia. Maadamu hakuna aliyeniambia, mimi ni mke wa mtu mgonjwa, si mjane. Hata Yuditha ninayelala naye chumba kimoja sikumwambia. Nikawajibu kwa ile barua mliyoipata, mpeni pole, uji wake uwe wa moto, mfunikeni vizuri, jioni Kwaluguru kuna upepo. Niliandika hayo huku nikijua. Ninyi mlikuwa mnanificha, na mimi nilikuwa nawaficha kwamba nimejua, tukawa sote ndani ya tenga moja. Wewe ulikuwa ukimeza machozi ili Rehani aandike kwamba mwanao anakunywa uji. Ningeweza kukutua mzigo huo mwezi mzima uliopita, na sikufanya.

Hilo ni kosa la kwanza. La pili ni kwamba, katika siku ambazo mke mwema angekaa eda ndani, mimi nilitoka na koti jekundu nikateleza msituni nikacheka. Sikufanya kwa dharau. Nilikwenda kama mtu anayekusanya habari za kumpelekea mumewe. Nilikuwa nampangia hadithi yake.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi. Gunvor alirudi kunitafuta. Nilifikiri atanivuta mkono, lakini alivua mbao zake, akazitandika juu ya theluji, akaja akaketi kando yangu. Nilikuwa bado nasukuma, nalia sasa, nasukuma. Akaniambia polepole, kwa maneno mepesi ya lugha yao ambayo naweza kuyaelewa:

“Lala kwanza, Mashavu. Usishindane nayo. Lala, halafu utasimama.”

Nikalala chali. Akanionyesha kuinua miguu juu, kama mende aliyepinduka, mpaka mbao zikaachana. Lakini sikuinuka. Nilibaki nimelala pale natazama juu, nikalia kama tunavyolia kwetu, kwa sauti, na yeye hakunizuia. Akauliza nina nini. Nikamwambia mume wangu amekufa. Nilisema kwa lugha yao, maana neno hilo tulifundishwa darasani pamoja na maneno mengine ya kawaida. Nisamehe, Mama. Mgeni alilisikia kabla yako, na mimi mwenyewe nililisema kwa lugha ya kigeni kabla ya kuweza kulisema kwa yetu.

Alivua glavu akanishika mkono, akauliza neno moja tu.

“Lini?”

Kila mjane duniani, hata awe mjinga namna gani, anaijua siku. Mimi siijui. Aliniinua, tukarudi taratibu, na njia nzima nilikuwa na hilo neno.

Wewe sikulaumu, wala simlaumu Rehani. Najua wazee walikaa wakaona nisipewe habari nisije nikavunja masomo, na huenda Mhina mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, maana angeweza. Masomo nitamaliza. Yuditha nimeshamwambia. Aliketi nami usiku na mchana siku tatu, akapika uji, na hakunitania hata mara moja. Nimevua hereni. Nimejifunga kitambaa cheupe, naenda darasani na kurudi, basi. Nimeanza kuhesabu siku za eda tangu siku ile ya theluji, lakini najua hesabu yangu haina mguu. Nikikosea nitavua mapema au nitavua kwa kuchelewa, na yote mawili sitaki kumfanyia Mhina.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Umejifunza kuandika tarakimu kwenye darasa la kisomo, Mama. Rehani mpumzishe, ameandikishwa uongo wa kutosha. Chukua kalamu wewe mwenyewe uniandikie tarehe. Usiandike kitu kingine kama huwezi. Siku na mwezi, kwa mkono wako, nami nitaamini. Na kama Rehani atapenda kuongeza, aniambie mmemlaza wapi, kule mahameni tulikohamishwa, kwa baba yake alikotaka, au kwenye makaburi mapya ya kijiji.

Kwaheri, Mama. Nisalimie majirani wote wa mstari wetu. Mwaija usimwambie kitu kwa barua hii, nadhani ameshajua kuliko sisi. Yuditha anakuamkia ingawa hamjuani. Juni nitakuja, na kama bado una nafasi nyumbani kwako, nitakaa miguuni pako siku zozote utakazosema nimebakiza.

Ukienda alipolala, mwambie mbao ni za kweli. Mwambie shahidi alizivaa mwenyewe, na Rehani alisema kweli.

Na mkikaa kumsomea hitima, mnikumbuke na mimi, mnitaje pamoja na waliokuwapo.

Mimi mkweo,
Mashavu, mke wa Mhina