Gramafoni ya Mjerumani

Mwanjelwa, Mbeya

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, mama. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama na lile goti limepunguza hasira. Huku sisi wazima. Baridi ya Mbeya mwaka huu imekuja na kisirani; asubuhi nafungua kibanda vidole vimekufa ganzi, siwezi hata kushika bisibisi mpaka Mama Neema aniletee chai. Neema ameanza sekondari na sasa hataki tena kuitwa mtoto. Nyanya mlizotuma kutoka Ilula zilifika, chache tu ndizo zilizopondeka njiani.

Utashangaa kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Mama, wewe simu unaiweka sauti ya juu, nyumba nzima inasikiliza, na majirani nao wanachangia. Jambo hili si la majirani. Tafadhali vaa miwani, ingia chumbani, usome mwenyewe. Macho yakikataa, mtu yeyote akusomee, lakini si Mjomba Elia.

Ni habari ya gramafoni ya Bibi.

Uliponipa niitengeneze ili ipigwe siku ya kuweka msalaba kwenye kaburi la Babu, niliipokea kama tulivyoambiwa sote tangu utoto, kwamba ni ya Mjerumani. Kwetu Iringa kila kikuukuu ni cha Mjerumani. Daraja la Mjerumani, kengele ya Mjerumani, hata pasi ya mkaa ya mama mchungaji ni ya Mjerumani! Basi nami nikaiweka mbele ya kibanda, wapita njia waone, nikajisifu mpaka koo likakauka.

Nilipoifungua springi ilikuwa imekatika, hilo halikunipa shida. Kilichonisumbua ni kiswichi kidogo pembeni ya sahani inayozunguka, cha kuchagua mwendo. Upande mmoja ni wa santuri kubwa nzito, upande wa pili ni wa zile ndogo zenye tundu pana katikati. Mama, zile ndogo si za Mjerumani. Hizo ndizo vijana wa wakati wenu walizochezea dansi. Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono inayopiga santuri ndogo sikuwahi kuiona, na mafundi wenzangu hapa hawajawahi. Nikajiambia labda kuna fundi aliongeza kiswichi baadaye. Nikaziangalia skrubu zake: rangi ya kiwandani bado imeziba vichwa, hakuna bisibisi iliyowahi kuzigusa. Ilitoka kiwandani hivyo hivyo.

Nikakasirika kidogo, maana nilishajitangaza. Lakini nikaendelea na kazi.

Kitambaa cha kijani kilichofunika ndani ya mfuniko kilikuwa kimeachia gundi, na kwenye kona moja kilikuwa na kiraka. Nilikijua kiraka kile kabla sijakigusa. Uzi mwekundu, mishono ya kupishana kama ya vile vitambaa vyetu vya makochi. Mkono wa Bibi kabisa. Nikafikiri panya walitoboa, Bibi akaziba. Nikakifumua nipake gundi, na chini yake hakuna tundu. Kuna kibati cha duka lililoiuza. Jina la duka limekwanguka, lakini chini yake panasomeka vizuri: Dar es Salaam, Tanzania.

Mimi wala sikushtuka. Nilikuwa nakisugua kibati niking'arishe. Mama Neema ndiye aliyekuja na chupa ya chai, akainama, akasoma, akaniuliza, "Baba Neema, hivi wakati wa Mjerumani kulikuwa na Tanzania?"

"Acha utani wewe," nikamwambia, nikacheka. Halafu kicheko kikakatika. Hata wakati wa Babu hakukuwa na Tanzania.

Mama, wewe ndiye uliyetusimulia. Babu Mateo alikwenda Tanga kuwa manamba, kukata mkonge, wewe ukiwa unatambaa. Habari ya kifo chake ikaletwa na mtu aliyerudi kutoka huko, hatujapata hata Uhuru. Mwili haukuja, mkazika blanketi lake. Matanga yakaisha, Bibi akaolewa na mdogo wake Babu, akazaliwa Mjomba Elia. Ndipo kasha la gramafoni likaletwa na basi. Ulikuwa umeanza darasa la kwanza, ukafuatana na Bibi barabarani kulipokea, Mjomba akiwa mgongoni kwake. Halikuwa na barua. Bibi akawaambia watu kuwa ni vitu vya marehemu, wenzake wamevituma.

Jina la Tanzania limekuja baada ya Muungano, mama. Marehemu haendi dukani kununua gramafoni.

Nilihangaika, sikufichi. Nikasema labda ni wenzake walionunua. Lakini mkata mkonge gani anunue gramafoni mpya ampelekee mjane wa mwenzake, tena mjane aliyeshaolewa? Halafu nikakumbuka maneno yako. Ulisema Bibi alipoona maandishi juu ya kasha alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Wewe ulidhani ni uchungu wa mjane. Bibi alijua kusoma, mama. Yeye na Babu walijifunza pamoja kwenye mafundisho ya ubatizo. Aliujua mwandiko.

Babu alikuwa hai. Nadhani alisikia huko huko kwamba mkewe yuko kwa mdogo wake na kuna mtoto, akaona akirudi atavunja nyumba. Akatuma gramafoni badala ya kuja. Amekufa lini, amelala wapi, sijui. Roho inaniuma sana. Nakuwaza wewe, uliyefundishwa kumlilia baba ambaye siku hiyo labda alikuwa anakula ugali Tanga.

Na Bibi akaliona lile neno moja kwenye kibati, akalishonea kiraka. Hebu fikiria, mtoto wa shemeji yuko mgongoni na mume yu hai! Kanisani wangemwitaje? Na Mjomba wangemwitaje? Leo ni mzee wa kanisa, na ndiye anayehangaikia msalaba huu kuliko sisi sote, kwa mtu anayemwita baba mkubwa.

Ndiyo maana nimewahi kuandika kabla fundi hajachora mwaka wa kifo kwenye saruji. Mwaka ule si wa kweli, na mimi sitaki tuuchore juu ya kaburi. Naomba aandike jina tu, Mateo. Watu wakikuuliza, sema mwaka huukumbuki. Kwa umri wako nani atabisha? Ukiona ukweli usemwe, useme wewe, ni baba yako. Mimi kiraka nimekirudisha mahali pake kwa uzi mwekundu. Mishono ni ya hovyo, utaona wazi si ya Bibi.

Kasha nimelikabidhi kwa kondakta wa basi pamoja na barua hii. Ndani mna santuri ile ile ndogo iliyokuja nayo. Upande mmoja unang'aa, haujaguswa. Siku ya msalaba mpige huo. Upande wa pili umechakaa mpaka umekuwa wa kijivu. Nikiweka sindano nasikia mkwaruzo na mtu anaimba mbali sana, maneno hayashikiki. Na sisi tulikuwa tunasema Bibi hakuwahi kuipiga. Unazikumbuka zile Jumapili alizosema mgongo unauma, mkaenda kanisani wote, yeye akabaki nyumbani? Nimelia kibandani, mama. Mteja nikamwambia ni moshi wa kuchomelea.

Nisalimie mama mdogo wa pale stendi, mwambie nyanya zake zimetupikia wiki nzima. Nisalimie mdogo wangu wa mwisho, apunguze kukuazima simu. Mama Neema na Neema wanakuamkia.

Na Mjomba Elia mpe salamu za heshima. Mwambie gramafoni imepona, inapiga vizuri. Akikuuliza ni ya wakati gani, mwambie ni ya Mjerumani.

Mwanao anayekupenda,
Baba Neema