Lesi Isiyo na Kitambaa

Jumanne, 4 Novemba
Nimemaliza kola ya kanzu ya mteja wa Msata. Uzi wa dhahabu umekatika tena na tena, unyevu huu wa vuli. Chumba cha pili cherehani ya wifi inanguruma tangu asubuhi. Wifi Salma, dada wa mume wangu. Karudi kutoka Maskati na cherehani yake na bunda la karatasi laini kama nailoni, unaona hadi upande wa pili. Anadarizi juu yake, kitambaa hakuna. Kisha anaitumbukiza majini, karatasi inayeyuka, inabaki lesi tupu. Leo kaanika ua moja kwenye kamba ya nguo. Majirani wamejaa uani utadhani kuna maulidi. Mimi nadarizi mji huu tangu sijaolewa. Nani kaja kutazama kola yangu?

Alhamisi, 6 Novemba
Kaja Bi Zuwena mwenye duka la vitambaa. Nguo zote za harusi za nyumba yake nimezidarizi mimi. Safari hii anamwoza binti yake Nasra. Shikamoo, marahaba, nimemtandikia mkeka, nimempa kahawa. Macho yake kwenye kamba tu. Akauliza nani atamtengenezea Nasra taji la lesi namna ile, la kuvaa juu ya shela. Salma kafungua mdomo. Nikamuwahi.
"Mimi, Bi Zuwena. Kazi yako lini imetoka mikononi mwangu?"
Sijawahi hata kuigusa ile karatasi. Loo!
Nimemwomba Salma. Kanipa papo hapo. Afadhali angeninyima.

Jumapili, 9 Novemba
Nimedarizi maua mazuri, kila moja peke yake. Nikayatia kwenye beseni. Karatasi ikayeyuka, na maua nayo yakafumuka, nyuzi zikaelea kama tambi. Nimelia, kweli nimelia. Salma kaja kachutama kando ya beseni. Anasema hakuna kinachoyashika. Kwanza nipige wavu wa nyuzi, mstari ukatize mstari, ndipo maua yaje juu yake. Kasema kwa upole. Huo upole ndio unaoniua. Jioni mume wangu naye: "Dada yangu ana mikono." Na mimi nina nini, kwato?

Jumatano, 12 Novemba
Taji limekubali! Wavu kwanza, kama alivyosema. Ahsante sijampa.
Na siri nimeigundua mwenyewe. Ukilichovya kidogo tu, ile gundi ya karatasi inabaki ndani ya nyuzi na taji linakakamaa. Nimelikausha juu ya sufuria iliyofudikizwa, limesimama wima. Salma kalibonyeza kwa kidole.
"Wifi, lisuuze mpaka vidole visiteleze. Kisha tulitie waya mwembamba."
Thubutu! Lilegee, halafu Bi Zuwena aseme bora angempa yeye? Nimelifunga kwenye kanga nikalipeleka hivyohivyo.

Ijumaa, 14 Novemba
Sijui niandike vipi.
Nasra kaingia ukumbini, taji limesimama, watu mashaallah, mashaallah. Nikamtafuta Salma kwa macho nione uso wake umekuwaje. Ndipo shangazi zake bibi harusi wakaja na mrashi. Harusi gani ya kwetu isiyo na marashi? Narushiwa marashi tangu mtoto, na sikukumbuka! Wakamrushia, wakamrushia tena. Taji likalainika. Likainama upande mmoja, likamgandia kwenye paji la uso, utelezi ukamshuka hadi machoni, wanja ukachuruzika. Vigelegele vikakatika. Bi Zuwena akauliza kwa sauti, nini tena hiki?
Salma akasimama. "Lawama yangu, Bi Zuwena. Karatasi niliyompa wifi ni mbovu." Akalivua lile taji, akamfuta Nasra kwa mtandio wake mwenyewe.

Jumamosi, 15 Novemba
Bombani wanamsema Salma na karatasi yake. Mimi wananipa pole. Nimemchukia kuliko jana. Mwanzo alinishinda kwa mikono, sasa kanishinda na kwa moyo.

Alhamisi, 20 Novemba
Kaja Bi Zuwena na hariri ya mdogo wake Nasra, naye anaolewa. Kazi yote yangu, na yule wifi yangu asiiguse. Si ndicho nilichokitaka? Hariri imelala mapajani mwangu, nasikia mdomo wangu unasema karatasi haikuwa mbovu. Mimi ndiye sikusuuza, na Salma alinionya.
Si wema. Nilishindwa tu kuvumilia awe mwema peke yake.
Bi Zuwena akaichukua hariri yake, akaenda nayo chumba cha pili.
Mchana kumenyesha kidogo. Alasiri Salma kaniita nikamsaidie kuikata ile hariri. Namwonea wivu vilevile. Nimekwenda. Nimemshikia upande mmoja, yeye akakata.