Nilificha Boya la Mdogo Wangu

Mama Teuira, mshauri wetu wa redioni, nakuomba unisaidie maana siri hii hainipi hata hamu ya kula. Nina miaka arobaini na nne, nalima lulu nyeusi huku visiwani Tuamotu, na mdogo wangu Rereata ana shamba lake ng'ambo ya ziwa hilihili la maji ya bahari, maji yaleyale, chaza walewale, na kazi ya kupandikiza nilimfundisha mimi, namna ya kumfungua chaza kidogo bila kumuua na kumtilia ile gololi ndogo ya gamba la kombe, lakini leo lulu zake unajitazama uso na zangu zimefifia kama macho ya samaki wa juzi. Yeye anawaacha chaza majini miaka miwili, mimi navuna kwa miezi kumi na minne, kwa sababu bei ilipoanguka nilisema wingi ndio utaniokoa.

Mwezi wa nne alikuja mnunuzi kutoka mjini Papeete, akazimwaga zangu mezani, akasema, "Mama, hizi nitazichukua kwa kilo." Za Rereata akazishika moja moja, akazipeleka dirishani kwenye mwanga, kisha akamwuliza, "Wewe unafanyaje?"

Mdogo wangu akajibu, "Mwulize dada, yeye ndiye aliyenifundisha."

Watu wakacheka na mimi nikacheka, lakini Mama, afadhali angenitukana.

Wiki mbili baadaye nikiwa botini nilikuta boya lake linaelea peke yake, kamba imelika kwenye matumbawe ikakatika, nikajua vikapu vyake vya chaza vimezama, na badala ya kwenda kumwita nikalivuta boya, nikalificha nyuma ya nyumba chini ya makuti, nikajisemea acha naye aonje, na alipokuja kugundua, samaki aina ya taa walikuwa wameshavunja na kula chaza mia nane. Sasa amemfukuza mzamiaji wake, Manutahi, eti fundo lake lilifunguka. Manutahi alimwambia mbele yangu, "Bibi, fundo langu halifunguki," na hakuna aliyemwamini, na Ijumaa hii anapanda meli na mkewe kwenda Papeete kutafuta kibarua. Fundo lake liko kwenye lile boya, limekaza vilevile, nimelishika kwa mkono wangu. Na Rereata bado ananiletea samaki wa ndimu na tui, ananiambia, "Kula dada, umekonda." Nifanye nini?

Mwenye Wivu

MAMA TEUIRA ANAJIBU

Dada yangu, kumfundisha mtu kisha akakupita kunauma, nami yamenikuta, kwa hiyo kwa wivu wako sikulaumu sana. Lakini kuliingiza boya botini ni kazi ya mikono, siyo ya moyo, na mikono hiyo uliituma mwenyewe. Tena ukasimama pale ukamsikiliza mwanaume akijitetea, na ukweli unao nyuma ya nyumba. Hapo sina neno la kukupoza.

Huyo mdogo wako hakukuibia kitu. Anachokushinda ni subira. Chaza anahitaji muda wa kuifunika ile gololi, tabaka juu ya tabaka. Ukimharakisha, unapata ngozi nyembamba isiyo na mng'aro, na lulu kama hizo zikijaa sokoni ndizo zinazoishusha bei unayoilalamikia. Punguza vikapu, ongeza miezi. Hilo mdogo wako angekuambia bure kama ungemwuliza.

Sasa sikiliza. Beba boya, mpelekee Rereata, na kwanza amwite Manutahi. Sema mbele ya wote wawili, usilie ili wakuonee huruma. Toa katika chaza wako mia nane wazima umrudishie. Kama hatamchukua tena Manutahi, mwajiri wewe kwa ujira uleule. Mdogo wako anaweza kukaa mwaka mzima bila kukusemesha, na hana kosa akifanya hivyo.

Usingoje Ijumaa. Majina yote nimeyabadilisha kabla ya kusoma barua yako hewani, lakini kisiwa chenu ni kidogo, na Rereata naye ana redio.